Nani aliyepanga kodi ya nyumba ya Songwa?

Ukinunua umeme wa shilingi 5,000 pale Songwa, ujumbe unaoingia kwenye simu una tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita. Hizo ndizo kila mtu huzitafuta. Pamoja nazo kuna mistari ambayo macho huiruka: VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na kama ni mara ya kwanza kununua mwezi huo, makato ya shilingi 1,500. Makato hayo hutangulia hesabu nyingine zote. Kwa mteja wa matumizi madogo, ambaye uniti moja humfikia kwa shilingi 122, ile 5,000 iliyopaswa kumpa uniti karibu 41 humpa 28 na ushei. Uniti 12 zimekwenda kulipia kodi ya jengo.

"Mbona zimekuja kidogo?" mama mmoja alimuuliza kijana wa kibandani huku amemgeuzia kioo cha simu.

"Mwezi mpya huo, mayu," kijana akamjibu. Mama akatikisa kichwa, akairudisha simu kwenye pindo la kanga, akaondoka. Hakuuliza nani aliyepanga iwe 1,500 na si 1,000 wala 700. Nami niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilijikuta nabaki na swali hilo njia nzima.

Songwa ni kata ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Ina diwani wake, naye huketi na wenzake kwenye Baraza la Madiwani la halmashauri yenye makao yake Mhunze. Huko hujadiliwa ushuru wa minada, ushuru wa pamba, ada za vibanda na miradi ya zahanati. Kiwango cha kodi ya majengo hakijadiliwi huko. Kiliwekwa Dodoma, ndani ya Sheria ya Fedha, kwa nchi nzima. Na ukifuatilia nyuma utakuta nyumba ya Msukuma imekuwa ikitozwa kwa zaidi ya miaka 120, na miaka ambayo mtu wa karibu na nyumba hiyo alikuwa na sauti juu ya kiwango chake ni michache mno.

Kabla ya fedha za Wajerumani, Usukuma ulikuwa na watemi, na mtemi alikuwa na haki ya kupokea mazao. Watu walimlimia, wakampelekea nafaka, na nafaka hiyo ikawekwa maghalani kwenye makazi yake, mahali palipoitwa ikulu. Neno hilo tunalolitumia leo kwa nyumba ya Rais limetoka huku kwetu, Unyamwezi na Usukuma. Sitaki kuusifu utawala wa watemi kupita kiasi. Kulikuwa na watemi wema na wapo waliokula peke yao. Ila ghala lile lilikuwa na kazi iliyojulikana na kila mtu. Mvua zikikata, mwenye njaa alikwenda ikulu. Mgeni alilishwa humo, na waliokuja kufanya kazi ya jamii walipikiwa humo. Mchango na akiba vilikaa mahali pamoja, na mtu aliyebeba mtama wake kichwani aliweza kuuona unakowekwa.

Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata: rupia tatu kwa nyumba ya shamba kwa mwaka. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa nguvu zake, baadaye ikadaiwa fedha taslimu. Kodi hiyo haikuwa na lengo la kujaza hazina peke yake. Mtu aliyekuwa na chakula chake na ng'ombe wake hakuwa na haja ya kwenda kufanya kazi kwa mgeni. Ukimdai rupia, itabidi azitafute, na rupia zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi. Ndivyo vijana wa Usukuma na Unyamwezi walivyozoea safari ndefu ya kwenda pwani kwenye mkonge.

Kosa la kodi ile lilionekana mapema. Kilichohesabiwa ni paa, basi watu wakapunguza mapaa. Ndugu waliokuwa na misonge mitatu wakabanana kwenye mmoja. Mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake kama desturi inavyotaka, akajikuta analipa mara tatu. Waingereza walipoichukua nchi walirekebisha hilo kwa namna yao: sheria yao ya 1922 ilitoza nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba wakamtoza yeye mwenyewe. Hapo ndipo jina la kodi ya kichwa lilipoota mizizi katika vinywa vya watu.

Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 alileta mpango wa kutawala kupitia watemi. Sheria ya 1926 iliwapa hadhi ya Mamlaka ya Wenyeji na hazina zao. Mazao waliyokuwa wakipelekewa yalibadilishwa kuwa mshahara, na sehemu ya kodi iliyokusanywa ikarudi kwenye hazina ya mtemi kulipia makarani, matarishi, barabara na shule. Kwenye karatasi hii ni halmashauri ya kwanza ya Usukuma: ina mapato, ina matumizi, ina vitabu vya hesabu. Lakini bajeti yake ilipita mikononi mwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kabla ya kuwa bajeti. Na lile ghala liliondoka machoni. Mtu aliyelipa alipewa tiketi ya kodi, aitunze kama roho yake maana angeulizwa njiani, na fedha zikaingia kwenye sanduku ambalo hakuwahi kuliona limefunguliwa.

Baada ya Vita vya Pili mambo yalizidi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulikuja na sheria nyingi za kilimo na mifugo: panda matuta hivi, punguza ng'ombe, lipia hiki, ogesha kile. Shirikisho la watemi lilikuwa na makao yake Malya, na kwa mwananchi wa kawaida kila jambo lililotoka huko lilikuwa na gharama. Watu waliotozwa pamba yao na ng'ombe wao hawakuona ni wapi wangeweza kusimama waseme hapana. Chama cha TANU, ambacho kingeweza kuwasemea, serikali ilikinyima ruhusa ya kuendesha matawi yake Usukuma tangu 1954.

Ndipo likazuka jambo la Geita, ambalo naona halijapewa nafasi yake katika historia tunayofundisha watoto.

Geita ya wakati huo ilikuwa wilaya ya Jimbo la Ziwa, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Ilikuwa na mgodi wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, na kwa sababu ya mgodi na maduka kulikuwa na Wazungu na Waasia kadhaa. Gavana Edward Twining alikuwa ameshikilia siasa ya mseto wa rangi: Mwafrika, Mwasia na Mzungu wagawane viti, bila kujali idadi yao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ilimpa nyenzo ya kuipeleka siasa hiyo wilayani, na Geita ikachaguliwa kuwa mfano. Halmashauri ya wilaya ikaundwa, yenye viti vya watu wa rangi zote, yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza.

Watu wa Geita waliikataa. Walisema hawakuulizwa. Waliona kwamba baraza lenye Wazungu na Waasia ndani yake, lenye mkono kwenye kodi na ardhi, litakuwa mlango wa kuwaondolea ardhi hiyo. Watemi waliolikubali walipoteza heshima mbele ya watu wao. Amri zao zikapuuzwa. Mwaka 1958 mamia ya watu walifunga safari, wakavuka ghuba, wakaingia Mwanza mjini kupeleka malalamiko yao kwa wakubwa wa jimbo. Wakakaa hapo kwa siku kadhaa wakisubiri kusikilizwa. Waliletewa polisi na mabomu ya machozi.

Nalitazama tukio hili kwa umbo lake la kawaida kabisa: wakulima na wafugaji, wengi wao hawajui kusoma, wametembea na kuvuka maji kwa sababu ya halmashauri. Hawakwenda kudai uhuru kwa neno hilo, ingawa uhuru ulikuwamo ndani yake. Walikwenda kwa sababu chombo kitakachowatoza na kuwatungia sheria kiliundwa pasipo wao. Na walishinda. Katikati ya mwaka huo Twining aliondoka, Richard Turnbull akaja, halmashauri ya Geita ikavunjwa, na siasa ya mseto katika halmashauri za wilaya ikaachwa. Kabla mwaka haujaisha TANU ilikuwa imeruhusiwa tena Usukuma.

Uhuru ulipokuja, watemi waliondolewa na halmashauri za wilaya zikachaguliwa na watu. Kwa miaka michache ilionekana swali la Geita limepata jibu. Halafu mwaka 1969 serikali ikafuta kodi ya kichwa iliyokuwa uti wa mgongo wa halmashauri za vijijini, pamoja na ushuru wa mazao. Mkulima alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Halmashauri zilibaki na shule na barabara bila fedha ya kuziendesha, na mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, zikafutwa zenyewe. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini waliokwenda nayo walikuwa maofisa wa serikali kuu. Miji ikaharibika, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa muongo huo, na halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Zile za wilaya zilirejea kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984.

Pamoja nazo ilirudi kodi ya kichwa kwa jina jipya: kodi ya maendeleo. Watu wazima wa leo wanaikumbuka kwa miili yao. Siku ya mnada mgambo walizunguka uwanja, kamba ikavutwa njiani, na kila mwanamume akaulizwa risiti. Aliyekuwa amekuja kuuza mbuzi wake mmoja alimuuza ili alipe, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wengine walilala maporini msimu wa ukusanyaji. Nilikua nikisikia wazee wakitaja mwaka wa tukio fulani kwa kusema "mwaka ule nilipokamatwa kodi", kama wengine wanavyotaja mwaka wa njaa au wa mafuriko. Mwaka 2003 Waziri wa Fedha, Basil Mramba, aliifuta kwenye bajeti ya Juni, pamoja na ushuru mdogomdogo mwingi uliokuwa kero. Wilaya ya Kishapu ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, ikikatwa kutoka Shinyanga. Ilianza maisha yake chanzo kikubwa kikiwa kimezibwa.

Kodi ya majengo ilibaki. Sheria za miaka ya mwanzo ya 1980 zilizipa halmashauri uwezo wa kutoza majengo na kupanga kiwango kwa sheria ndogo, baada ya madiwani kujadili na waziri kuridhia. Mijini, wathamini walitakiwa wapite nyumba hadi nyumba waandike thamani, na kodi iwe asilimia ya thamani hiyo. Kazi hiyo ilifanyika kwa kusuasua. Wathamini walikuwa wachache, nyumba zilijengwa haraka kuliko daftari lilivyojazwa, na huku vijijini nyumba ya bati ya vyumba vitatu haikuwa na mthamini wa kuitembelea. Nakubali udhaifu huo. Lakini kwa miaka zaidi ya 30 mlango ulikuwa wazi: diwani aliyetaka kupandisha kiwango alilazimika kusimama mbele ya wenzake, kisha arudi kwenye mkutano wa kijiji aeleze.

Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa kuanzia na miji, na mwaka uliofuata zikafuata halmashauri nyingine, wakati Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha. Mwaka 2018 uthamini uliwekwa pembeni, ikaja bei moja: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa 50,000 kila sakafu mijini. Nyumba ya udongo au ya nyasi iliachwa, na mzee wa miaka 60 na kuendelea akasamehewa nyumba anayoishi. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa mita. Julai 2023 ikawa 1,500, na kwa ghorofa 7,500. Elfu kumi kwa mwaka ikawa elfu kumi na nane, na mgambo hakuhitajika.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Hakuna anayekimbizwa mnadani. Hakuna mkusanyaji wa kuweka fedha mfukoni. Ni nyepesi na inafika. Lakini bei moja haitofautishi nyumba ya barabara kuu Kahama na kijumba cha mwalimu aliyestaafu mapema huku Songwa. Mpangaji ndiye anunuaye umeme, kwa hiyo ndiye akatwaye kwanza, kisha aanze kupatana na mwenye nyumba. Na zaidi ya yote, mazungumzo yamekatika. Kodi imekwenda upande mmoja wa simu, zahanati na kisima viko upande mwingine, na diwani akiulizwa anaweza kusema kweli kabisa kwamba yeye hakuhusika.

Halmashauri za ukanda huu zilibaki zikitegemea mambo mawili yasiyotulia: pamba na madini. Pamba inajulikana. Mvua ikiwa mbaya au bei ikiporomoka, ushuru unaporomoka nayo, na mwaka 2017 serikali iliushusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, jambo jema kwa mkulima ambalo halmashauri ililipia.

Madini yana hesabu yake. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliipa halmashauri ushuru wa huduma wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Kwa miaka mingi migodi mikubwa ya dhahabu haikulipa hivyo. Mikataba yao na serikali iliwaruhusu kulipa dola 200,000 kwa mwaka, hata dhahabu ipande kiasi gani. Geita na Kahama zilipigania hilo kwa muda mrefu, na ni katika miaka ya 2010 ndipo asilimia 0.3 ilipoanza kulipwa. Pigano hilo la madiwani linastahili kukumbukwa pamoja na lile la 1958.

Ila mgodi nao husimama. John Williamson aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na kwa zaidi ya miaka 80 watu wa hapa wamezoea kuuona mgodi kama mlima, kitu ambacho kipo tu. Mwezi Aprili 2020 ulisimama, janga la korona likiwa limeua soko la almasi. Ulirudi kazini mwaka uliofuata. Tarehe 7 Novemba 2022 kuta za bwawa la tope zikapasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani, na uzalishaji ukasimama tena hadi katikati ya 2023. Mara mbili ndani ya miaka mitatu. Huko Kahama, mgodi wa Buzwagi uliofunguliwa 2009 ulimaliza uhai wake 2021. Kila mara mauzo yakiwa sifuri, asilimia 0.3 ya sifuri inajulikana.

Hapa ndipo ghala la mtemi linaponirudia kichwani. Halmashauri yenye mapato ya kupanda na kushuka namna hii inahitaji akiba kuliko Dar es Salaam inavyoihitaji. Inahitaji mahali pa kuweka sehemu ya mwaka wa almasi nzuri kwa ajili ya mwaka wa bwawa kupasuka. Lakini tazama bajeti inavyogawanywa: asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sheria tangu 2018; sehemu nyingine kubwa imeelekezwa miradi ya maendeleo; inayobaki ni mafuta ya magari, vikao, posho na madeni. Fedha iliyovuka mwaka huitwa bakaa, na bakaa huandikwa kama dosari ya utekelezaji: kwa nini hamkuitumia? Mkurugenzi anayefika Juni na fedha benki hujieleza zaidi ya aliyemaliza zote.

Naamini jambo hili linaweza kurekebishwa, na bila kurudisha kamba za mgambo. LUKU ibaki kuwa mfuko wa kukusanyia. Kiwango kirudi kwa madiwani, ndani ya mipaka ambayo Bunge litaiweka, ili Songwa wasilipe sawa na Kahama kama hawataki na hawawezi. Na sehemu ya ushuru wa mgodi iwekewe sheria ndogo ya akiba, yenye akaunti yake, na salio lake lisomwe kwenye mikutano ya vijiji kama mapato na matumizi yanavyosomwa.

Vikao vya bajeti za halmashauri huanza mwanzoni mwa mwaka, mvua zikiwa bado zinaendelea. Madiwani hufika na makabrasha mazito. Husimama mmoja mmoja: barabara ya kwangu imekatika, zahanati ya kwangu ina boma lisilopauliwa tangu mwaka juzi, mgodi umelipa kiasi gani robo hii? Kisha hugeuza ukurasa kwenda kwenye jedwali la viwango. Ushuru wa ng'ombe mnadani upo, kwa kichwa. Ada ya kibanda ipo. Ushuru wa gunia la mkaa upo. Wanaujadili kila mmoja, wengine kwa ukali, kwa sababu wanajua watakutana na mwenye ng'ombe siku ya mnada. Kwenye jedwali hilo, nyumba ya yule mama wa pale kibandani haimo.